Nthambi na Maziwa ya Mbio

Kabla jua halijagusa mabati ya mtaa wa Jericho, Nairobi, mtoto alikuwa amekwisha kuvuka ukuta. Nthambi alimwinua juu ya ule ukuta mfupi uliotenganisha nyua mbili, na jirani yake Habibo, upande wa pili, akampokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea sufuria iliyojaa uji.

"Amelala?"

"Nusu."

"Basi nenda."

Na Nthambi akaenda, raba zake zikipiga changarawe. Nyuma yake Habibo alikaa kwenye kigoda, mwanawe wa kiume kwenye ziwa la kulia, Koki mdogo wa Nthambi kwenye la kushoto, akaanza kuimba kwa Kiborana, sauti ya chini, macho amefumba.

Mwaka ulikuwa 1979. Watu wa leo, waliozaliwa nyuma ya mageti ya chuma, hawatasadiki kwamba mwanamke Mkamba wa Mbooni, Mkristo wa kuimba kwaya, alimwachia Mwislamu wa Isiolo mtoto wa miezi minane amnyonyeshe, bila malipo na bila hata asante ya kila siku. Lakini ndivyo tulivyoishi. Mtoto wa ua alikuwa mtoto wa ua. Akikosea alichapwa na aliye karibu, akilia alinyamazishwa na aliye karibu, na mlango ulifungwa wakati wa kulala tu. Leo jirani akimgusa mtoto wako unamwita askari.

Habibo, ambaye mumewe aliendesha malori ya kwenda kaskazini, alikuwa na sheria moja tu katika jambo hilo, na aliitamka mapema. "Kwetu mtoto aliyeshiba kwangu ni wangu," alisema. "Huyu wako na huyu wangu ni ndugu sasa. Hawaoani mpaka kiyama."

"Hata mwanao akileta ngamia mia?"

"Hata alete Isiolo yote na visima vyake."

Walicheka, na habari ikaishia hapo.

Nthambi alikuwa msaidizi wa kufundisha hisabati kule chuo kikuu. Alikuwa na shahada moja na alikuwa akiandika tasnifu ya kupata ya pili, na bila hiyo ya pili kiti chake kingepewa mwingine. Mumewe, Nyamai, alikuwa dereva wa wizara. Aliwapeleka wakubwa Marsabit na Moyale, akarudi na vumbi masikioni na nyama kavu mfukoni, akalala siku mbili, akaondoka tena. Alikuwa mtu mwema. Alipoulizwa kama mkewe anaweza kurudia mbio alizoziacha shuleni, alisema, "Kimbia, lakini urudi," akadhani amefanya mzaha.

Aliyemrudisha Nthambi mbioni hasa ni Lusweti, Mbukusu aliyefanya kazi kiwandani na jioni akawafundisha vijana kukimbia kwenye uwanja wa mpira wa mtaani. Lusweti hakuwa na cheti cha ualimu wa mbio. Alikuwa na baiskeli na filimbi, na hakumtoza mtu senti. Siku hizi watu hulipa ada kukimbia juu ya mashine mbele ya kioo, wakajitazama. Siku zile ulikimbia Jogoo Road ukapumua moshi wa mabasi, na mlevi aliyechelewa kwenda kwake akakuuliza, "Niaje mathe, unatoroka nani?"

Swali la mlevi halikuwa la kipuuzi. Nthambi mwenyewe hakujua anatoroka nani. Kukaa tu ndicho kitu asichokiweza. Alipoketi mezani na tasnifu yake, miguu ilicheza chini ya meza hadi kikombe kikatikisika kwenye kisahani. Alipokuwa njiani anakimbia, alimsikia mtoto akilia, na akisimama kusikiliza ni breki za basi tu. Na alipompakata mtoto hatimaye, jioni, mlango umefungwa, ndipo mlinganyo uliomshinda wiki nzima ulipokuja kujitatua wenyewe kichwani, naye hana mkono wa kushika penseli. Majirani walisema mshika mawili moja humponyoka. Yeye alishika matatu, na kila saa ya mchana aliona moja likiteleza.

Lililoteleza kwanza lilikuwa mtoto. Nthambi alirudi mbioni jasho likimtiririka, maziwa yamejaa hata fulana imelowa kifuani, akampa Koki ziwa. Koki akaonja, akakunja uso, akageuka. Nthambi alijiambia kwamba ameshiba ya Habibo. Lakini siku ambazo Habibo alisafiri kwenda Isiolo mtoto aligeuka vilevile, akalia kwa njaa mbele ya ziwa lililojaa. Mashavu yalianza kuingia ndani.

Munyoki, ndugu yake Nyamai, karani wa mjini asiyekuwa na mke, alikuja kula kila Jumapili. Alikula, akamtazama mtoto, akajipangusa midomo, hakusema lolote. Mwisho wa mwezi alikwenda Mbooni, na huko ndiko aliposema.

Jumatatu iliyofuata mama mkwe alifika, kiondo begani, kibuyu cha maziwa mkononi, jogoo amefungwa miguu ananing'inia. Huyo ndiye Koki mwenyewe, Koki mkubwa, ambaye mtoto alipewa jina lake kama mila inavyotaka kwa binti wa kwanza. Kwa sababu hiyo hakumwita mtoto kwa jina. Aliketi, akamvua nguo, akamshika paja kwa vidole viwili kama anayepima kitambaa.

"Nimekonda," alisema.

"Umechoka na safari, mwaitu," Nthambi alimjibu, kwani ndivyo Wakamba wanavyomwita mama, na mama wa mume ni mama.

"Sisemi huyu mzee. Nasema mimi huyu mdogo. Nimekonda. Nani amenikondesha?"

Nthambi aliinama kupuliza jiko.

Kesho yake alfajiri bibi kizee aliamka akakuta kitanda cha mtoto kitupu. Alitoka uani akiwa na shuka mabegani, akafuata sauti ya wimbo asioujua, akachungulia juu ya ukuta. Akajiona mwenyewe ananyonya kwa mtu baki.

"We mama," aliita, "huyo uliyempakata unamjua?"

Habibo hakushtuka. "Namjua. Binti yangu."

"Binti yako? Huyo ni mimi."

"Wewe ni nani?"

"Koki. Mama yake Nyamai. Huyo ni jina langu. Huyo ni mimi."

Habibo alifikiri kidogo, akambadilisha mwanawe upande. "Basi, mama, kama huyu ni wewe, na huyu nimemnyonyesha tangu mvua zilizopita, wewe pia ni mwanangu. Karibu chai."

Kizee alizunguka ukuta, akaingia, akaketi kwenye gunia, akapokea kikombe. "Nimepata mama mwenye miaka ishirini na tano," alisema. "Na mama huyu anaweka maziwa mengi chaini. Sawa." Nthambi aliporudi kutoka mbioni aliwakuta wakizungumza juu ya ng'ombe, kila mmoja kwa Kiswahili chake kilichochechemea, wamepatana kama waliozaliwa kijiji kimoja.

Alimchukua mtoto, akafungua fulana.

"Ngoja," alisema mama mkwe.

"Mwaitu?"

"Maziwa hayo ni ya moto. Mwanamke akitoka kulima juani hukamua ya kwanza akayamwaga chini. Huoga, hupumzika, ndipo hunyonyesha. Hukufundishwa?"

"Nilifundishwa, mwaitu."

"Basi?"

"Nachelewa kazini."

"Hata kwetu ni hivyo," Habibo aliongeza. "Mwanamke aliyetembea kutwa na ngamia hampi mtoto hivi hivi. Mimi nilijua huwa unakamua. Msomi kama wewe."

Nthambi akawa amebaki peke yake upande mmoja, na mila mbili upande wa pili. Alikamua siku hiyo, kwa haraka, nyuma ya choo, akiwa ameuma meno. Hakupumzika. Mtoto aligeuka.

Jumatano, kule chuoni, mkuu wa idara alimwita. Hakuwa mtu mbaya. Aliziba kalamu yake, akasema hisabati ina wivu kuliko mume, na kwamba tasnifu iliyoahidiwa Krismasi inatakiwa ionekane Agosti, isiendelee kuahidiwa. Alipokuwa akitoka, mwenzake mmoja, mwanamke aliyekuwa amepata shahada yake ya pili mwaka uliotangulia, alimfuata hadi ngazini.

"Mtoto wako yuko wapi?" alimuuliza.

"Nyumbani."

"Nyumbani Jericho au nyumbani nyumbani?"

"Jericho."

"Ndiyo sababu. Wangu yuko kwa nyanya yake tangu aache ziwa. Sisi sote tumefanya hivyo, wewe unajifanya nani? Mpeleke. Utamaliza miezi sita. Tena utakimbia unavyotaka."

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyeona ajabu wakati ule. Nyamai mwenyewe alilelewa na nyanya yake, akachunga mbuzi zake, akamwita mama. Haikuwa kumtupa mtoto, ilikuwa kumpa mizizi. Nthambi alisimama kwenye foleni ya basi akaona maisha yake bila kilio. Aliona dawati tupu, alfajiri nzima ikiwa mali yake, nafasi kwenye timu ambayo Lusweti alisema iko wazi kabisa. Aliona yote yakiwa mazuri, na moyo ukamwenda mbio kama aliyeshikwa na kitu cha wizi.

Jioni hiyo, baada ya ugali, Nthambi alipokwisha kusimulia habari ya Agosti, mama mkwe alitoa kauli yake. Aliitoa polepole, mgongo umenyooka, mtoto amelala mapajani.

"Mimi sikai sana mjini. Hapa hata maji yanauzwa na mfereji. Nitakapoondoka, nitaondoka na jina langu. Ng'ombe mmoja anakamwa kwangu. Nitanenepa, nitatembea, nitaota meno. Ukimaliza vitabu vyako na hizo mbio zako, utakuja kunichukua. Sikulaumu. Nimesema."

Nthambi aliinamisha macho. Alichukua birika akamjazia mama mkwe kikombe, akamsogezea sukari.

Hapo ndipo palipoharibika, na hapakuharibiwa na ubaya wa mtu. Kwa Nthambi, mke hambishii mama wa mumewe. Ukiwa huna jibu la adabu, unanyamaza, unamngoja mume, naye ndiye atakayesema na mamake. Nyamai alikuwa anatarajiwa Jumapili. Asiyejibu hajakubali, alijiambia, na akaona amepata nafasi ya kupumua. Lakini Koki mkubwa aliona mkwe ameinamisha macho, amejaza kikombe, amesogeza sukari. Kwa kizazi chake hakuna ndiyo iliyo nzuri kuliko hiyo. Alikunywa chai yake ameridhika, akasema moyoni kwamba shule haikumharibu huyu.

Ijumaa alifua nguo zote za mtoto, hata zilizokuwa safi, akazianika uani. Nthambi aliziona akamshukuru. Jioni kizee alimwogesha mtoto akampaka mafuta hadi akang'aa. Nthambi aliliona hilo pia, akafikiri ni upendo, na kweli ulikuwa upendo.

Jumamosi ndiyo siku ya mbio. Zilikuwa za barabarani, kuanzia uwanja wa Jogoo Road hadi mwisho wa mitaa na kurudi, na wanawake watatu wa kwanza wangechukuliwa kwenye timu ya mkoa. Asubuhi hiyo mtoto hakuvushwa ukuta, kwa kuwa nyanya yupo. Nthambi alifunga raba zake mlangoni. Mama mkwe alimleta mtoto, akauinua mkono wake mdogo.

"Muage mama yako."

"Baki salama, mwanangu," alisema Nthambi. "Bakini salama, mwaitu."

"Uende salama," mama mkwe alijibu, akaongeza kwa sauti laini isiyokuwa kawaida yake, "Usiwe na wasiwasi nami."

Nthambi aliondoka na neno hilo likimchoma kidogo, asijue kwa nini. Aliona ni ukarimu. Akakimbia hadi uwanjani ili asifikiri.

Jua lilikuwa kali kabla ya saa tatu. Filimbi ilipolia aliachia wasichana wa shule watangulie kwa fujo zao, kama Lusweti alivyomfundisha, akawaokota mmoja mmoja kuanzia Makongeni. Lusweti alikuwa kando na baiskeli yake, akipiga kelele mambo ambayo hakuna aliyeyasikia. Walipogeuka kule mwisho kurudi mjini, mbele yake walikuwa wawili tu, polisi mmoja mrefu na msichana mmoja mwembamba mwenye fulana ya kijani. Alikuwa wa tatu. Miguu ilikuwa myepesi. Kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi hakuwa akifikiri jambo lolote, na hata hilo lilimtia wasiwasi, akaanza kutafuta ni nini alichokisahau.

Karibu na Kaloleni aliona migongo miwili kando ya barabara. Mmoja ulikuwa umenyooka kama ufito, umefungwa mtoto kwa leso ya rangi ya machungwa, na juu ya leso kichwa kidogo kilikuwa kikiyumba na usingizi. Wa pili ulikuwa wa Habibo, mwanawe mgongoni, furushi kichwani. Nthambi aliwatambua akajaa furaha. Wamekuja kunitazama, alisema moyoni. Mwaitu amekuja kunitazama nikikimbia.

"Kimbia, Mama Koki, kimbia!" Habibo alipaza sauti alipomwona anapita. Mama mkwe aligeuza kichwa, akainua mkono kidogo, akaushusha.

Akapita. Aliongeza mwendo, kifua mbele, kama mtoto anayeonyesha. Uwanja ulikuwa umekwisha kuonekana, bendera zake, watu juu ya ukuta. Akiwa katika mwendo huo ndipo mawazo yalipomfikia, moja baada ya jingine, jinsi mlinganyo unavyofunguka. Furushi lile kichwani kwa Habibo ni blanketi la mtoto. Kiondo kile kimejaa. Mtu haendi na kiondo kutazama mbio, wala habebi blanketi juani. Nguo zilifuliwa zote. Barabara hii, ukiipita uwanja, inakwenda Muthurwa, na karibu na Muthurwa ndipo mabasi ya Ukambani yanapopakia.

Alisimama. Msichana wa nyuma yake nusura amgonge, akampita kwa tusi.

"Mama!" Lusweti alikuwa akikanyaga baiskeli kwa nguvu zote. "Mama, mbele ni huku!"

Nthambi alikuwa ameshageuka. Alirudi akikimbia dhidi ya mkondo, na wakimbiaji wakamgawanyikia huku na huku kama maji yanavyoligawanyikia jiwe. Vijana waliokaa kwenye reli ya Kaloleni walipata burudani waliyoingoja tangu asubuhi. "Mathe, umesahau sufuria kwa moto?" "Mathe, hizo ni gia za kurudi nyuma!"

Aliwafikia akiwa ameishiwa pumzi. Akasimama mbele ya mama mkwe, namba kifuani, miguu mitupu tangu paja hadi soksi.

"Mbio zimekwisha?" aliuliza mama mkwe.

"Mnakwenda wapi, mwaitu?"

"Swali gani hilo? Nakwenda kwangu. Basi linaondoka saa tano."

"Na mtoto?"

"Tulikubaliana."

"Sikukubali."

"Ulinyamaza."

"Nilinyamaza kwa heshima, mwaitu."

"Nami nilikusikia kwa heshima."

Habibo alishusha furushi kichwani. "Mimi nilijua mmeshapatana," alisema. "Nasindikiza mgeni, basi. Ningejua nisingebeba blanketi."

"Tumepatana," alisema kizee. "Asubuhi tumeagana mlangoni, kila mtu ameaga. Mtoto ameaga. Sasa nini?"

Wakimbiaji waliendelea kupita, wale wa katikati sasa, wakihema. Nthambi aliona kwamba yale aliyoyangojea, Nyamai arudi, Nyamai aseme, Nyamai amtafutie maneno, hayakuwa na barabara ya kupitia. Nyamai alikuwa Marsabit. Hapa palikuwa na mdomo wake mwenyewe tu.

"Hapana, mwaitu," alisema. "Mtoto haendi."

Katika ukoo ule hakuna mke aliyewahi kulisema neno hilo mbele ya mama wa mumewe, na hakika hakuna aliyelisema amevaa kaptura, Jogoo Road, mchana kweupe. Koki mkubwa alimtazama kuanzia raba, akapanda taratibu magotini, mapajani, kwenye ile namba, hadi usoni.

"Unasimama mbele yangu mapaja nje, unaniambia hapana."

"Ndiyo, mwaitu."

"Basi toa sababu. Mtoto amekonda. Kazi yako inakusubiri. Mwenyewe umesema Agosti. Na hizo mbio zako umezitupa sasa hivi, nimeona kwa macho yangu. Toa sababu."

Nthambi alizitafuta. Alikuwa mtu wa kutoa sababu, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kusimama ubaoni na kuonyesha kwamba hiki kimetoka kwa kile. Lakini kila sababu aliyoishika ilikuwa ya upande ule wa pili.

"Sina, mwaitu. Nikikimbia namfikiria. Nikiandika namfikiria. Akienda Mbooni sitaacha kumfikiria, ila sitajua amelala kwa ubavu gani."

"Hiyo si sababu."

"Ndiyo niliyo nayo."

Kwa kitambo Habibo, kama alivyosema baadaye, alidhani kizee atampiga mkwewe kofi. Kisha Koki mkubwa aliinama mbele kidogo, kama wanavyoinama wanawake wote wa Ukambani, akafungua fundo kifuani, akamzungusha mtoto akaja mbele. Akamnusa utosini. Akampa mamake.

"Leso ni yangu," alisema.

Aliikung'uta, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kiondo juu ya kibuyu kitupu. Kisha akaanza kwenda. Hakugeuka. Habibo aliliweka blanketi mabegani mwa Nthambi, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasema kwa huzuni, "Mgeni hasindikizwi nusu njia," akamfuata kizee.

Koki mdogo alikuwa ameamka, akaanza kuitafuta fulana kwa mdomo. Nthambi aliketi kwenye jiwe kando ya barabara, akawapa watu mgongo, na mbele ya barabara nzima akafanya alichokifanya nyuma ya choo kwa haraka siku zote zile. Safari hii hakuharakisha. Aliyamwaga maziwa ya moto kwenye vumbi la Kaloleni, ziwa moja, kisha la pili. Mtoto alilia kwa hasira. Aliacha alie, akangoja kifua kishuke, jasho likauke, moyo urudi mahali pake, na kungoja huko kulimuuma kuliko kilima chochote alichowahi kukipanda. Miguu yake ilicheza. Aliishika kwa mkono ikatulia, akaiachia ikacheza tena.

Lusweti alikuja akiisukuma baiskeli. Alipoona alivyo, aligeuka akasimama kumkinga na barabara, macho Makongeni.

"Ungekuwa wa tatu," alisema kwa mgongo.

"Najua."

"Yule mwembamba alikuwa amekwisha. Labda wa pili."

"Najua, Lusweti."

"Mwaka ujao."

"Sijui."

Mtoto alionja, akakunja uso, akaonja tena. Akashika. Wa mwisho kabisa katika mbio alikuwa akipita, mwanamke mnene wa posta aliyekimbia kwa kujifurahisha, akawapungia mkono.

Hakuna aliyepata alichokitaka chote. Nthambi alirudi Jericho akimbeba mtoto mikononi kwa sababu hakuwa na nguo ya kumfunga, akaoga, akaketi kusahihisha majaribio ya wanafunzi. Tasnifu haikuonekana Agosti wala Krismasi. Ilionekana baada ya miaka miwili, na kiti alikipata kwa kuchelewa, chini ya watu aliowafundisha. Timu ya mkoa hakuingia kamwe, ingawa Habibo aliendelea kumpokea mtoto juu ya ukuta hadi alipoacha ziwa, na Nthambi aliendelea kukimbia, kisha kukamua, kisha kungoja. Nyamai aliposimuliwa aliuliza kama mamake alipata siti ya dirishani. Habibo akasema alipata, na kwamba alilia kutoka Muthurwa hadi gari likajaa, akila ndizi.

Mwezi wa Desemba walikwenda Mbooni. Nthambi hakulala usiku wa kuamkia safari. Mama mkwe aliwapokea kama kawaida, akachinja, akampakata mtoto, ambaye sasa alikuwa akitembea na kung'ata kila kitu, na kwa siku nne hakutaja Jogoo Road. Siku ya tano, nyumba imejaa wageni, wake wa ukoo wote wamekaa, alimgeukia mkwewe.

"Nyinyi mtarudi lini Nairobi?"

"Baada ya mwaka mpya, mwaitu."

"Na mimi huyu mdogo? Atarudi nanyi au atabaki kidogo?"

Nthambi aliinamisha macho. Ilikuwa ni mazoea tu, shingo ilijiinamia yenyewe, na mkono ukanyooka kuelekea birika.

"Acha birika," alisema Koki mkubwa. "Sema kwa mdomo. Kunyamaza kwako mimi sikusikii tena."

Wake wa ukoo walitazama chini. Nthambi aliinua uso. Alimwona mtoto amekaa pajani mwa yule bibi, mwenye mashavu yaliyorudi, anavuta shanga za shingoni mwake.

"Atabaki wiki mbili," alisema. "Kisha nitakuja kumchukua mimi mwenyewe."

"Wiki mbili," alirudia mama mkwe, akiwatazama wengine kama anayewataka wawe mashahidi. "Haya. Nimesikia. Sasa tia chai."